Mama Mukubwa Dorothée na Borne ya Nne

Mama Mukubwa Dorothée anapima vitu kwa mwili wake. Kitambaa anakipima kutoka puani hadi ncha ya vidole, shimo la muhogo kwa shibiri mbili, na njia ya soko kwa kupumuzika mara nne. Mimi, Elodie, mutoto wa mudogo wake, ninapima kwa metre ya chuma inayojikunja, ile niliyonunuliwa siku nilipoingia option construction, masomo ya ujenzi. Kati ya siye wawili kuna moja aliyeharibu mupaka wa parcelle yetu, kiwanja chetu hapa Rwambuzi. Nitamutaja, sitamuficha. Lakini muniache nianze na Mama Mukubwa, maana nikianza na mimi mutacheka mpaka habari yake isahaulike.

Yeye ni mukubwa wa mama yangu, hata kama kwa urefu ananifika begani. Alizaliwa upande wa Djugu, kwenye vilima ambako asubuhi mutu akisema "jambo" moshi unamutoka mudomoni. Huko alilima maharagi na mashu, zile kabichi, akaolewa, akazaa binti wawili walioolewa mbali, akazika bwana yake, na katikati ya hayo yote alikuwa akijenga. Nyumba yake ilianza na chumba kimoja. Mutoto wa kwanza alipozaliwa vikawa viwili. Mama mukwe alipozeeka vikawa vitatu. Cha nne kilikuwa cha viazi.

"Na autorisation ulitoa wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Ya nini?"

"Ya kujenga."

"Kwetu ukitaka chumba unaita batu, unapika sufuria kubwa, magaribi chumba iko."

Hiyo nyumba haiko tena. Alitufikia miaka miwili iliyopita, siku ya tatu ya safari, nusu ya njia kwa miguu na nusu kwa pikipiki. Alikuwa na sufuria moja, Biblia ndani ya sashe ya plastiki, na kalibu ya mbao ya kufyatulia matofali. Wengine wanakimbia na mbuzi, yeye alikimbia na kalibu. Mama alipomuuliza juu ya nini alibeba ile kitu, alijibu, "Njo ilikuwa karibu na mulango." Wakacheka wote wawili mpaka wakaanza kulia, na mimi nikatumwa kuchota maji wakati mapipa yote yalikuwa yamejaa.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na salon. Mama Mukubwa akapewa salon, yaani akapewa godoro na ruhusa ya kulilalia wageni wakishaenda. Wageni wa Papa hawaendi. Papa yangu, Augustin, anauzisha maharagi ya Marabo, na kila mutu anayetoka kule na gunia anapitia kwetu kueleza ginsi barabara ilivyo. Mama Mukubwa anakaa kwenye kiti cha pembeni, mugongo wima, macho yanajifunga yenyewe, anaitikia "eeh, eeh" kwa barabara asiyoijua. Asubuhi, jogoo hajawika bado, anakunja godoro, analifunga kamba, analisimamisha nyuma ya kabati, ili mutu akiingia asijue kama pale kumelala mutu. Kisha anakaanga mandazi ya kuuzisha. Unga anaukanda magaribi ndani ya ndoo, anafunika ubao, na juu ya ubao anaweka jiwe zito, maana unga wake unavimba kwa nguvu na panya wa Rwambuzi wana akili. Mulikumbuke hilo jiwe. Mimi sikulikumbuka.

Basi mwezi wa kumi na mbili, mvua ilipokatika, tulimukuta nyuma ya nyumba akiwa ndani ya udongo mpaka magoti. Hakuomba, hakueleza. Kufika katikati ya mwezi wa kwanza, matofali yalikuwa mia nane na makumi ine, yamepangwa musitari kwa musitari na kufunikwa majani ya migomba. Papa aliyazunguka mara mbili kama mutu anayenunua ng'ombe.

"Mama Dorothée, hizi tofali ni za nini?"

"Za chumba."

"Chumba ya nani?"

"Yangu. Ndogo. Yenye mulango ya kufunga."

Papa akakuna shingo. Hakukataa, maana hata yeye alikuwa amechoka kunong'ona ndani ya salon yake mwenyewe. Shida ni kwamba hapa ni mujini. Jirani moja wa avenyu ya nyuma alikuwa amejenga annexe, chumba cha pembeni ya nyumba, bila karatasi, akaamka asubuhi akakuta musalaba mwekundu wa rangi kwenye ukuta, maana yake bomoa. Kwa hiyo Papa alienda kuuliza kwenye biro ya urbanisme, wale wanaosimamia ujenzi wa muji, akarudi na masharti yameandikwa kwenye karatasi, akatusomea mezani kama anasoma barua ya askofu. Ruhusa iombwe kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Annexe isikaribie choo. Ukuta wake ukae mètre mbili toka mupaka wa jirani.

"Mètre mbili ya nini?" Mama Mukubwa akauliza. "Ng'ombe apite?"

"Ni sheria, Mama Dorothée."

"Sawa. Endelea."

"Maji ya paa yasianguke kwa jirani."

"Na ile yenye inaanguka mbinguni, nani anaipatia njia?"

Papa akaendelea bila kumuangalia. Jirani wa upande ule atie sahihi. Na mwisho, croquis, yaani muchoro wa parcelle, unaoonyesha nyumba, choo, na bornes zote nne, zile alama ambazo batu wa cadastre walizika zamani kwenye pembe nne za parcelle wakati wa kuipima.

Aliposema croquis, nilisimama. Sijui ni nani aliyenisimamisha.

"Papa, mimi njo nitaichora. Tuko najifunza ile kitu ku masomo."

Papa aliniangalia kama mutu anayeangalia mbuzi inayosema inajua kuendesha camion. Lakini Mama Mukubwa akapiga mikono. "Kumbe enjeniere iko mu nyumba! Tuko natafuta nini inje?"

Tangu hapo jina langu likawa Enjeniere. Muhula ule nilikuwa nimepata onze sur vingt, kumi na moja juu ya makumi mbili, ku dessin, somo la kuchora. Sikuona sababu ya kulisema mbele ya batu.

Siku hiyohiyo, nikiosha sahani nyuma ya nyumba, nilisikia Mama Mukubwa akiongea na mama yangu kwa sauti ya chini.

"Micheline, mvua ikipiga hizi tofali mbele chumba haijasimama, zinarudi udongo. Na mimi sitafyatula zingine. Nitaenda Marabo, binti ya shangazi iko kule na jiko yenye haitumike tena, nitalala mule."

"Yaya, mukubwa yangu, hapana sema vile."

"Niko nasema. Mwaka ya tatu mu salon yako, sawa mugeni mwenye amesahau kwenda kwake? Hapana."

Mimi niliendelea kusugua sahani moja mpaka maua yake yakapungua. Mvua kubwa inarudi mwezi wa tatu. Nilihesabu juma kwa vidole, yakawa sita, na croquis ilikuwa mikononi mwangu.

Nilianza kazi kwa kuvaa. Nilivaa blouse ya bluu ya atelier, koti la kazi la ku masomo, nikaweka kalamu sikioni, metre kiunoni, nikatembea ndani ya parcelle nikisema "hum" kila mahali. Kuku walinipisha. Bornes mbili zilikuwa karibu na lango, zimepakwa matope ya miaka mingi, watoto wanazikalia bila kujua ni nini. Ya tatu ilikuwa chini ya mugomba wa mwisho. Ya nne ingekuwa kwenye pembe ya nyuma, upande wa Papa Vital, jirani yetu, pale ambapo uzio wa miti unakata kona. Haikuwa pale. Mutu mwenye akili angetafuta borne kwanza, halafu achore. Mimi nilichora kwanza, duara zuri ndani ya uzio, halafu nikaenda kutafuta borne ije ifanane na duara langu.

Ile karatasi ya croquis ilikuwa kubwa na ilikuwa ikijikunja. Nilikuwa ninaitandika kwenye meza ya salon na kukandamiza pembe zake kwa Biblia, pasi, sufuria, na pembe ya nne kwa jiwe la ndoo ya Mama Mukubwa. Lilikuwa jiwe la kupendeza, la duara, uso laini, na katikati kulikuwa na ka-chuma kadogo. Wakati wa kuwaza nilikuwa ninakazungusha kidole juu yake. Niliwaza sana, siku nne, mahali borne ya nne ilikoenda.

Nililima pembe ile yote. Nililima matembele ya Mama mpaka akatoka nje na mwiko.

"Elodie! Ile ni mboga ya kesho!"

"Mama, ni kazi ya cadastre."

"Cadastre itapika nini kesho?"

Mama Mukubwa peke yake ndiye aliyekuja na jembe lake kunisaidia, akalima karibu na mimi, mbio kuliko mimi. Tulipomaliza musitari wa tatu akapanguza uso.

"Enjeniere, tuko natafuta nini kabisa? Iko ginsi gani?"

Sasa, mbele ya swali kama lile, mutu wa kawaida angejibu, ni jiwe la duara lenye chuma katikati. Na yeye angejibu, kama ile ya ndoo yangu? Na hii habari ingekwisha hapo, na mimi ningebaki na heshima yangu. Lakini nilikuwa nimevaa blouse. Nikamwambia, "Ni repère ya béton, Mama Mukubwa, yenye inamatérialiser limite ya parcelle."

"Ah," akasema, kwa heshima kubwa, na akaendelea kulima.

Tulipokosa, kichwa changu kikatoa jibu, na kilitoa jibu la kijinga kuliko yote. Kama borne haiko, na haiko kwetu, basi kuna mutu aliyeihamisha. Na ni nani anayekaa upande ule?

Papa Vital ana miaka makumi saba hivi. Ni mwalimu mustaafu, na si mwalimu wa batu wengine, ni mwalimu wangu mimi, wa mwaka wa tatu primaire. Alikuja siku ya posho, yaani Jumamosi, Papa alipomuita atie sahihi kwenye croquis. Alivaa miwani, akainama juu ya meza, akafuata kila musitari kwa kidole.

"Ni kazi ya mutoto? Si mubaya, si mubaya. Na hapa, borne ya nne, uliiona?"

"Haiko, Papa Vital," nikasema. "Tulilima kila mahali kwetu. Inabaki upande wako."

Akainua kichwa polepole. "Uko nasema niko nayo?"

"Sisemi vile. Nasema tu, bornes hazitembeake zenyewe."

Nilijisikia nimesema vizuri sana. Papa yangu alifumba macho. Mama alitoka salon kama mutu aliyekumbuka kitu kwenye moto. Papa Vital akakunja miwani, akaiweka mufukoni mwa koti, akafunga kifungo cha mufuko.

"Mimi njo nilikufundisha kushika règle na kupiga musitari," akasema. "Sitasaini. Agent ya urbanisme akikuja kuangalia parcelle, muniite, nitaongea mbele yake."

Akaenda. Kwenye uzio kulikuwa na tundu ambamo watoto, kuku na chumvi ya kuazima vilikuwa vinapitia tangu mimi sijazaliwa. Magaribi ile lilikuwa limezibwa kwa matawi ya miiba. Mama Brigitte, muke wa Papa Vital, ambaye alikuwa ananunua mandazi ya Mama Mukubwa kila siku, akaanza kuyanunua mbali, kwa mwanamuke ambaye mandazi yake, wote tunajua, yanajaa mafuta.

Papa alienda kuomba samahani mara mbili. Mara ya kwanza akapewa kiti, mara ya pili hakupewa. Mimi sikuenda. Nilikuwa bado ninaamini nina haki, na mutu mwenye haki hana kazi ya kuomba samahani. Nilikuwa ninalala vizuri, hata.

Mwezi wa pili ulipokaribia mwisho, mawingu yalianza kukaa mahali pamoja. Mama Mukubwa alikuwa anatoka kila asubuhi kuangalia juu, halafu anaangalia matofali yake, anaongeza jani la mugomba hapa na pale kama mutu anayefunika mutoto. Siku moja nilimukuta ameshusha gunia lake juu ya kabati na kulipanguza vumbi. Mimi nikauliza, kama mupumbafu, "Unaenda wapi?" Akajibu, "Gunia njo ilikuwa na vumbi."

Agent alikuja siku ya posho iliyofuata, Papa Assani, mutu mwembamba mwenye bottes, viatu virefu vya matope, na faili chini ya kwapa. Tuliweka viti uani. Papa Vital alikuja amevaa koti, akakaa mbali kidogo, mikono juu ya fimbo. Shefu wa avenyu naye alikuja kuwa shahidi. Agent akaangalia matofali, akayagonga kwa kidole, akasema ni kazi nzuri. Akaangalia choo, akapima, sawa. Akaangalia croquis.

"Nani alichora?"

"Mimi," nikasema, na nikavuta blouse.

"Borne ya nne iko wapi?"

Nikaeleza. Nilieleza kwa Kifaransa chote nilicho nacho, na kile ambacho sina nilikiazima. Agent alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga faili.

"Mudogo yangu, mètre mbili inaanzia ku borne. Borne haiko, mètre haina fasi ya kuanzia. Inaomba géomètre, mupimaji wa serikali, akuje arudishe mupaka. Na géomètre iko na kazi mingi, labda nyuma ya Pasaka."

Nyuma ya Pasaka. Upande wa Irumu mbingu zilinguruma kidogo, kama zilikuwa zinasubiri neno hilo. Mama Mukubwa alikuwa amesimama karibu na mulango. Aliangalia matofali yake, si kwa muda murefu, kisha akapanguza mikono kwenye kitambaa chake.

"Bageni hawawezi kwenda na tumbo wazi," akasema. "Mungojee, naweka mafuta ku moto."

Alileta jiko nje, akaleta sufuria, akaleta ndoo. Alivyoinama, aliondoa jiwe juu ya ubao na kuliweka chini, mbele ya bottes za agent, kwa sababu ndipo kulikuwa na nafasi. Akaanza kukata unga.

Papa Assani aliangalia lile jiwe. Akaweka faili chini. Akaligeuza kwa mukono, akalipuliza unga, akagusa ka-chuma ka katikati.

"Mama, hii jiwe uliitoa wapi?"

"Iyi?" Mama Mukubwa akacheka kwa furaha. "Mutoto njo alinipatia! Siku nilifika hapa. Nilisema tu, niko nahitaji kitu ya uzito ya kufunikia ndoo, akakimbia, akarudi nayo, ameisafisha na sabuni. Ni mutoto wa roho muzuri sana, Elodie."

Wote wakaniangalia. Na hapo nikaikumbuka, tena vizuri, siwezi hata kudanganya kama nilisahau. Nilikuwa na miaka kumi na ine. Mvua ilikuwa imepiga, na katikati ya matembele kulikuwa na kitu cheupe kinachungulia. Nikakipiga jembe mara moja, mara mbili, mara ya tatu kikakatika na kutoka, kizito, kizuri. Nilifurahi kwa sababu Rwambuzi haina mawe mazuri. Sikujiuliza juu ya nini jiwe lina chuma. Na siku zile nne za croquis, nilikuwa nimelishika kwa mukono wa kushoto nikilitafuta kwa mukono wa kuume.

Mafuta yalikuwa yanalia ndani ya sufuria. Kisha nikasikia kitu kama kikohozi. Papa Vital alikuwa ametoa miwani, mabega yake yanatikisika.

"Bornes hazitembeake zenyewe," akasema. "Hein, Elodie? Inaomba mutu aibebe!"

Shefu wa avenyu akaangua kicheko. Papa yangu akaangua. Mama, nilimuona, alikuwa amejificha uso kwenye kitambaa. Mama Mukubwa peke yake hakuelewa, akawa anaangalia kila mutu na andazi moja mukononi, anauliza, "Ni nini? Jiwe ni mubaya? Iko na poison?"

Agent hakucheka. "Kung'oa borne ni kosa," akasema. "Nani aling'oa?"

Nikainua kidole, kama darasani.

"Uko mwaka ya ngapi?"

"Troisième."

"Troisième nini?"

"Construction," nikasema, kwa sauti ya panya.

"Construction," akarudilia. Alitoa kalamu, akaiangalia, akairudisha mufukoni. "Haya. Onyesha fasi uliing'oa."

Hapa sasa nisikilizeni, maana hapa hakukuwa tena na kicheko ndani yangu. Hakuna mutu mwingine aliyejua ile fasi. Nikionyesha karibu na uzio, pale nilipochora duara langu, chumba kinabaki mètre nne kwa tatu kama kwenye croquis, na mambo yanakwisha. Lakini mimi nilijua kwamba niliing'oa katikati ya matembele, hatua nzima huku kwetu. Maana yake uzio wetu ulikuwa umekaa ndani ya ardhi ya Papa Vital, na ukuta ungerudi nyuma, na chumba kingepunguka. Nilisimama kwenye udongo nilioulima mwenyewe. Mama Mukubwa alikuwa ananiangalia kwa macho ya mutu aliyesema dakika moja iliyopita kwamba nina roho muzuri. Papa Vital alikuwa amevaa tena miwani na ananiangalia kwa juu yake, vilevile kama zamani, wakati règle yangu ilikuwa inateleza na mimi ninajidai haijateleza. Ningependa kuandika kwamba nilichagua ukweli kwa sababu ya ukweli. Nadhani nilichagua kwa sababu ya ile miwani.

"Hapa," nikasema.

Papa alilima. Siku zile za kutafuta, musitari wetu ulikuwa umepita pembeni yake kwa upana wa kiganja. Jembe likalia. Kulikuwa na kipande cha béton kimesimama ndani ya udongo, kimekatika kichwa. Papa Assani akachukua jiwe la ndoo, akaliweka juu, akalizungusha kidogo, na likakaa, ufa kwa ufa, kama kifuniko kwenye sufuria yake. Kutoka pale mpaka kwenye uzio alipima sentimetre makumi tisa na tano.

"Uzio nani alipanda?" akauliza.

Papa yangu aliangalia mbingu kama aliyeona ndege. "Njo mimi," akasema. "Wakati ule sikukuwa na metre."

Basi miaka yote hiyo ni siye tuliokuwa tunakula ardhi ya Papa Vital, na matembele niliyokula kwa ugali ili nipate nguvu ya kumushitaki nusu yake yalikuwa ya kwake. Nilimwendea. Nilikuwa nimetayarisha sentensi ndefu, ikatoka fupi.

"Papa Vital, unisamehe. Nilisema bubaya."

"Ulisema bubaya sana," akajibu. "Leta croquis."

Alitoa mufukoni Bic nyekundu. Batu wanasema mwalimu akistaafu anaacha kalamu, si kweli. Alikata uzio wangu. Alikata duara langu, akaweka borne mahali pake, akasogeza ukuta wa annexe mpaka chumba kikawa tatu kwa tatu. Pembeni akaandika "À refaire, proprement", yaani rudia, kwa usafi. Halafu akageukia Mama Mukubwa, na sauti yake ikawa nyingine.

"Mama Dorothée, kwa hii sheria chumba inabaki kadogo. Itakuenea?"

Agent alikuwa amekwisha kuchoma vijiti vinne na kufunga kamba kwenye fasi mupya ya chumba. Mama Mukubwa akaruka kamba, akalala chini chali, mbele ya shefu, mbele ya agent, akiwa amevaa kitambaa chake kizuri. Akanyoosha miguu. Akafungua mikono yote miwili, vidole havikufika kwenye kamba. Akageuka akalala upande mwingine, akapima tena.

"Ninaingia," akasema toka chini. "Na kalibu inaingia. Na mugeni moja, akienda mapema."

Papa Vital alisaini palepale, baada ya mimi kuchora upya, magoti chini, juu ya kiti. Uzio alituambia tuuache mpaka kiangazi kingine, ila matembele ya ile metre ni ya Brigitte kuanzia kesho. Agent alikula mandazi sita. Karatasi ya ruhusa ilitoka siku ya ine, Alhamisi, na siku ya posho batu waliitwa, sufuria kubwa ikapikwa, Mama Brigitte mwenyewe alikuja kukata vitunguu kupitia tundu la uzio lililofunguliwa. Kuta zilipanda kwa siku tatu. Mimi nilikuwa ninashika uzi wa kunyooshea musitari, na kila tofali kumi Papa Vital anapiga kelele toka kwake, "Elodie, umepima?" na batu wote wanajibu kwa pamoja, "Amepima!" Manjanja, yale mabati ya paa, yalipigwa misumari siku ya ine ya kazi. Siku ya sita mvua ilikuja, mvua ya kweli, na tulisimama kwenye salon tukisikiliza ginsi inavyolia juu ya vyumba vyote, hata kile.

Kwa sababu chumba kilipunguka, matofali mia moja na kidogo yalibaki. Papa Vital ameyaomba kwa nyumba ya kuku, na ameniambia mimi ndiye nitakayechora croquis. Sijui kama ni heshima ao ni azabu.

Magaribi ya kwanza, Mama Mukubwa alituaga mapema kabisa, wageni wa Papa bado wako kwenye habari ya barabara ya Marabo. Akabeba godoro lake bila kamba. Tukasikia mulango unafungwa, na komeo. Halafu komeo likafunguliwa, mulango ukafunguka, akachungulia, akatuangalia kama anatuhesabu, akafunga tena. Alifanya vile mara tatu. Mama yangu alikuwa anakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

Mara ya ine alifungua ili kuniita.

"Enjeniere! Ndoo haina jiwe."

Ni kweli, lake lilikuwa limerudi kazini, limeshikwa na simenti. Nikatoka kutafuta. Karibu na lango niliona moja zuri, nikaligeuza kila upande, nikaliacha. Nyuma ya choo niliona lingine, nikalipima hata, nikaliacha vilevile. Mwisho nilipitia kwenye tundu la uzio, nikabisha hodi kwa Papa Vital, nikamuomba jiwe la kwake, analolijua, lisilo la serikali.

Aliingia ndani, akarudi nalo. Mukono mwingine alishika daftari na Bic nyekundu.

"Andika," akasema. "Jiwe moja. Tarehe. Na uonyeshe fasi lilitoka."

Niliandika, nikachora fasi, nikaweka sahihi.